Mwalimu wa Rudisha Kwanza

Nilimwahidi mkewe mambo mawili. La kwanza, kwamba nitaandika habari za mumewe bila kutaja jina lake, kwa kuwa mzee mwenyewe hapendi jina lake lifike mahali ambapo miguu yake haijafika. La pili, ambalo mama huyo alilisisitiza huku akininyooshea mwiko, kwamba sitamfanya mtakatifu.

"Watakatifu tunao wa kutosha kanisani," alisema. "Huyu ni mume wangu, namjua. Pale aliposhindwa, andika ameshindwa. Ukimpamba, sikupikii tena."

Nimekula ugali wa ulezi wa mama huyo kwa miaka mingi. Ahadi iliyowekewa dhamana ya namna hiyo haivunjwi.

Basi nitamwita Mwalimu. Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari iliyo pembeni mwa mji wa Sumbawanga, kwenye uwanda ambako upepo wa Juni huingia darasani bila kubisha hodi. Alinifundisha mimi, nikaenda chuo, nikarudi kufundisha somo lile lile katika chumba cha jirani yake, naye akiwa amebakiza muda mfupi astaafu. Kwa hiyo nimemtazama kutoka pande mbili: kutoka kwenye dawati, na kutoka kwenye kiti cha pili katika ofisi ya walimu. Pande zote mbili alivaa koti lile lile la kijivu. Wanafunzi walipoliona likikatiza uwanja, walipeana taarifa: "Washikaji, kaeni sawa, Rudisha Kwanza huyo!"

Jina hilo lilitokana na kipindi chake cha Ijumaa mchana, ambacho alikithamini kuliko vipindi vingine vyote vya juma. Katika kipindi hicho mwanafunzi mmoja aliwasilisha kazi yake mbele ya wenzake, akaulizwa maswali, kisha ukafuata mdahalo. Pande za mdahalo hazikuchaguliwa. Mwalimu alipitisha kibuyu chenye maharage na punje za mahindi. Uliyetoa harage uliunga mkono mada, uliyetoa punje uliipinga, na hakuna aliyeruhusiwa kubadilishana. Ukiisha kusikia hoja ya mwenzako, hukuruhusiwa kuijibu mpaka kwanza uieleze upya, kwa haki, hadi mwenyewe akubali na kusema, "Umerudisha."

"Hoja ya mwenzako ni jembe uliloazimwa," Mwalimu alipenda kusema. "Lirudishe likiwa na mpini wake, ndipo mgombane."

Alikuwa na tamaa moja tu kuhusu kustaafu kwake. Hakutaka sherehe, hakutaka picha, hakutaka kukabidhiwa godoro wala mbuzi. Alitaka kipindi cha Ijumaa kibaki baada yake. Alilisema jambo hilo mara nyingi mno, hata walimu wengine wakaanza kulisema pamoja naye kwa sauti moja, kama watu wanaoitikia sala.

Maneno ya darasani yalisemwa kwa Kiingereza. Hapa nitayaandika kwa Kiswahili, na ninamwomba msomaji ayasikie yakienda polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga jiwe moja baada ya jingine.

Kabla ya Mwalimu kuweka utaratibu wake, midahalo ya shule yetu ilikuwa ya salamu. Nilimshuhudia kijana wa kidato cha tatu, mwenye sauti nzuri ya uimbaji wa kwaya, akianza hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa katibu, mheshimiwa mtunza muda, waheshimiwa wapendekezaji wakuu, waheshimiwa wapinzani wakuu, waheshimiwa wanafunzi mlioketi mbele, waheshimiwa wanafunzi mlioketi nyuma..." Alipotazama dirishani na kumwona mpishi wa shule akipita na ndoo, akamheshimu naye. Mtunza muda akagonga meza. Kijana akainama kwa adabu, akarudi kuketi, darasa likamshangilia kwa nguvu.

"Amesema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Amesema vizuri sana, Mwalimu," darasa likajibu.

Tangu siku hiyo salamu zilipigwa marufuku. Msemaji alisimama na kuanza na hoja, kama mtu anayeingia baridini bila sweta.

Katika uwasilishaji hali haikuwa tofauti. Mwanafunzi mmoja alisoma insha kuhusu likizo yake Dar es Salaam. Ilikuwa na mawimbi, ilikuwa na machweo, ilikuwa na meli iliyopiga honi. Tulisikiliza kwa wivu. Mwalimu akamuuliza swali dogo: siku ya pili alikula nini asubuhi? Kijana akasema viazi. Viazi vya namna gani? Vya kuchemsha. Alivipika nani? Bibi. Na bibi anaishi wapi?

Kijana akaikunja insha yake.

"Mpui," kijana akasema.

Mpui iko huku huku kwetu uwandani, mbali na bahari. Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka, wala hakumwadhibu. Alimwambia, "Ijumaa ijayo utatuletea Mpui. Bahari iache iliko." Ijumaa iliyofuata kijana aliwasilisha habari za nguruwe wa bibi yake aliyekata kamba siku ya gulio, akapita katikati ya meza za wauza nguo na kutokea upande wa pili akiwa na sidiria shingoni. Kiingereza chake kiliyumba, lakini hatukupotea hata hatua moja, na maswali yalikuwa mengi hata mdahalo wa siku hiyo ukaahirishwa. Chuoni nilifundishwa mbinu nyingi za kumfanya mwanafunzi azungumze, baadhi yake zikiwa na majina marefu kuliko matokeo yake. Sijaona mbinu iliyozidi ile ya kumrudisha mtoto Mpui.

Nimeahidi kutompamba, kwa hiyo niseme na haya. Mwalimu alikataza neno lolote lisilo la Kiingereza katika kipindi chake, lakini yeye mwenyewe alipokasirika aligombeza kwa Kifipa, kwa ufasaha ambao Kiingereza hakikuwahi kumpa. Alitufundisha kumsubiri msemaji amalize, lakini katika ofisi ya walimu, wakati wa chai, hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Mwalimu wa hesabu alikuwa na habari ya shemeji yake na pikipiki ambayo alijaribu kuisimulia kwa mihula miwili. Mpaka leo sijui pikipiki ile ilifikia wapi.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alimtuma sokoni kununua chumvi na kiberiti. Alirudi na vitunguu na habari za siasa. Mama huyo akasimama mlangoni, akaziba njia.

"Rudisha kwanza," akamwambia. "Nilisema nini?"

"Ulisema... kitu cha jikoni."

"Hujarudisha."

Alimweka pale nje, katika baridi ya jioni, mpaka Mwalimu alipokumbuka chumvi. Kiberiti hakukikumbuka kamwe. Ninaamini, ingawa hajawahi kulikubali, kwamba utaratibu wote wa Ijumaa aliutoa kwenye ule mlango. Mkewe anasema yeye ndiye aliyeutoa darasani kwa mumewe. Jambo hilo halijaamuliwa.

Sasa nieleze jambo lililoleta matata.

Mwaka wake wa mwisho kazini, Mwalimu aliweka mada hii: ng'ombe na mashamba haviwezi kukaa pamoja katika uwanda wetu. Haikuwa mada ya mzaha. Darasani walikuwamo watoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, na watoto wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi mwa nchi na mifugo yao. Kibuyu kikapita. Rozalia, binti wa mkulima wa Pito ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa na ng'ombe msimu ule ule, alitoa punje ya mahindi: ilimpasa aipinge mada, yaani awatetee wafugaji. Masanja, mtoto wa mwenye ng'ombe wale wale, alitoa harage: ilimpasa aseme ng'ombe waondoke. Walitazamana kama watu waliovishwa viatu vya wenzao.

Kwa kuwa walikuwa wanafunzi wazuri, walifanya mazoezi nyumbani kwa sauti. Na kwa kuwa kila nyumba ina mtoto mdogo anayependa kutafsiri, wazazi wakajua.

Asubuhi ya Ijumaa baba wawili walifika shuleni, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mlangoni mwa ofisi ya walimu. Nilikuwapo.

"Shikamooni," nikawaambia.

"Marahaba," wakajibu pamoja, na kila mmoja akaonekana kuchukia kwamba mwenzake naye amejibu.

Baba Rozalia ndiye aliyeanza. "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta ajifunze Kiingereza. Sikumleta ajifunze uwakili wa ng'ombe. Nyayo za ng'ombe bado ziko shambani kwangu, na binti yangu yuko jikoni anasema hawana kosa!"

"Afadhali wako yuko jikoni," akasema Baba Masanja. "Wangu alisimama zizini. Anawaambia wahame!"

"Anawaambia kina nani?" Mwalimu akauliza.

"Ng'ombe wenyewe! Anafanya mazoezi mbele yao. Ng'ombe waliomsomesha! Jana dume langu limekataa maji."

"Kwa sababu ya Kiingereza?"

"Mimi nitajuaje? Mwalimu ni wewe."

Mwalimu akajaribu kuwatuliza. Akawaeleza kwamba watoto hawakuchagua pande hizo. Pande zilitoka kwenye kibuyu. Alidhani amemaliza. Lakini kwetu, mzazi akiambiwa kwamba kibuyu ndicho kilichoamua mtoto wake aseme nini, hatulii hata kidogo. Anataka kujua kibuyu ni cha nani.

Baba wale wawili, ambao msimu mzima hawakuwa wamesalimiana, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza wakawa upande mmoja.

"Kibuyu," akasema Baba Rozalia taratibu.

"Umesikia mwenyewe," akasema Baba Masanja. "Kina nini ndani?"

Mwalimu akakileta, akakipindua mezani. Yakamwagika maharage na mahindi. Baba Masanja akakitikisa, akachungulia ndani, akakinusa. Baba Rozalia akaokota harage moja, akaligeuzageuza kwenye kiganja, uso wake ukalegea kidogo. "Haya maharage ni mbegu gani? Hayafanani na yetu."

"Nilipewa Mwimbi, nyumbani kwetu."

"Yanazaa?"

"Yanazaa."

Akalitia harage mfukoni. Kisha wote wawili wakakubali kuketi nyuma ya darasa, ili wajionee.

Sitausimulia mdahalo wote. Masanja aliwashtaki ng'ombe wa baba yake huku akitazama sakafu. Rozalia akasimama, akarudisha hoja za mwenzake moja moja, Masanja akakubali kwamba amerudisha, ndipo akawatetea wafugaji kwa nguvu ambayo hata mimi sikuitarajia. Wazazi hawakuelewa neno, ila waliona nani anatoka jasho. Mwisho Baba Masanja hakuvumilia. Akasimama.

"Mwalimu, sasa nataka kumjibu huyu bwana mwenyewe. Kwa Kiswahili."

Mwalimu, aliyekuwa hajawahi kuruhusu Kiswahili katika kipindi kile, akafikiri kidogo. "Sawa. Ila sheria ni ile ile. Rudisha kwanza. Bwana huyu analalamika nini?"

"Anasema ng'ombe wangu ni wezi."

"Sikusema wezi!" Baba Rozalia akaruka. "Nimesema waliingia shambani."

"Hujarudisha," darasa likasema, kwa furaha ambayo watoto hawaipati mara nyingi mbele ya wazee.

"Anasema waliingia shambani."

"Wakafanya nini?"

"Wakala mahindi."

"Mahindi ya nani?"

"Ya kwake."

"Ya watoto wangu," akasema Baba Rozalia.

Baba Masanja akageuka. Akamtazama Rozalia. "Ya watoto wake," akasema. "Akiwamo huyu, aliyewatetea ng'ombe wangu kuliko mwanangu mwenyewe."

"Umerudisha," akasema Baba Rozalia, kwa shingo upande.

Ikawa zamu yake. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. "Yeye anasema... ile njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni ilikuwapo kabla ya shamba."

"Halafu?"

"Anasema ililimwa."

"Na nani?"

Kengele ya kutoka ilikuwa imeshalia, na hakuna mwanafunzi aliyenyanyuka.

"Na mimi," akasema Baba Rozalia. "Anasema niliilima mimi. Mwalimu, nimerudisha tu, sijakubali."

"Kurudisha si kukubali," Mwalimu akasema. "Hilo ndilo somo lenyewe."

Hawakukumbatiana. Waliondoka kila mmoja kwa njia yake, wakinung'unika. Lakini Ijumaa iliyofuata Baba Masanja alionekana tena nyuma ya darasa na fimbo yake, akidai alikuwa anapita tu. Shule yetu iko mwisho wa barabara. Hakuna mahali pa kupita kwenda.

Kwa bahati mbaya, habari iliyofika mjini haikuwa ya wazazi wale. Ilikuwa ya kibuyu. Ikasemwa kwamba pale shuleni kuna kibuyu kinachogeuza watoto wawapinge wazazi wao. Mkuu wa shule, ambaye hakuamini upuuzi huo hata kidogo, alikuwa na sababu yake nyingine, na ilikuwa sababu ya heshima: alitaka muda wa Ijumaa utumike kwa mazoezi ya mitihani. Akaitisha mkutano wa wazazi mwezi wa Januari, ili waamue wenyewe.

Tulikusanyika katika bwalo lenye paa la bati lisilo na dari. Mkuu wa shule akasema hoja yake kwa ufupi, maana alikuwa na mafua. Kisha Mwalimu akasimama. Nilikuwa nimemsihi ofisini, karibu kwa machozi, aanze na upande wake. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyeleta tena bahari.

Akairudisha hoja ya mkuu wa shule. Hakuna hoja iliyowahi kurudishwa hivyo. Aliipa mifano ambayo mkuu mwenyewe hakuifikiria. Alieleza jinsi mzazi anavyouza mahindi ili mtoto asome, na jinsi karatasi ya mtihani isivyomuuliza mtoto huyo kama anajua kusikiliza. Alieleza uchungu wa kufeli kwa alama chache. Kina mama waliitikia kwa vichwa. Mkuu wa shule alisahau mafua yake, na alipoulizwa kama hoja yake imerudishwa, alisema, "Imerudishwa na riba."

Mwalimu akavuta pumzi ili aanze upande wake. Na mvua ikashuka.

Aliyewahi kuketi chini ya bati Januari katika uwanda wa Ufipa hahitaji maelezo. Tulimwona Mwalimu akifungua kinywa. Tulimwona akinyoosha mkono, akihesabu hoja kwa vidole, akicheka kidogo mahali ambapo bila shaka palikuwa pa kuchekesha. Hatukusikia kitu. Mwenyekiti, akiona watu wameanza kusogeza viti mbali na mahali panapovuja, akaashiria kura kwa kunyoosha mkono. Watu wakapiga kura kwa kile walichokisikia, na walichokisikia kilikuwa hoja ya mkuu wa shule, iliyosemwa na msemaji hodari kuliko wote mkoani. Baba Masanja akasimama, akainua mikono yote miwili na kupaza sauti, "Rudia, Mwalimu! Hatujasikia!" Akahesabiwa upande wa kukifuta kipindi, tena kwa shauku.

Alishindwa. Naandika hivyo kama nilivyoahidi. Kipindi cha Ijumaa kilifutwa, na Mwalimu akastaafu bila kupata kitu kimoja alichokiomba.

Juzi nilimtembelea Mwimbi, anakolima sasa. Nilimkuta uani na mkewe wakipepeta ulezi, makapi yamewajaa nyweleni. Nilikuwa na habari njema, na niliitoa kabla sijaketi: mkuu wa shule amekubali suala la Ijumaa lirudi mbele ya wazazi, na mimi ndiye nitakayelisemea.

"Safari hii sitarudia kosa," nikamwambia. "Nitaanza na upande wetu. Wakiisha kutusikia, mvua na ije."

Mwalimu akaweka ungo chini. "Mkuu wa shule anasema nini?"

"Anasema mitihani ni muhimu kuliko watoto."

"Hujarudisha."

Nikajaribu tena. Nikasema mkuu anaogopa matokeo mabaya. Hujarudisha. Nikasema mkuu anadhani mdahalo ni mchezo. Mzee akatikisa kichwa, mkewe akacheka, akaendelea kupepeta. Jua lilikuwa limeshaanza kupoa nilipofika, katika maelezo yangu, kwa mama mmoja mjane ambaye mwanawe alifeli shuleni kwetu kwa alama chache, naye mkuu wa shule akamsindikiza mpaka nyumbani akiwa hana la kumwambia. Nilieleza kwamba mtu aliyetembea mwendo ule ana haki ya kutaka kila saa ya juma iende kwenye mtihani. Nilipomaliza, niligundua kwamba sikuwa na hasira tena na mkuu wa shule, jambo lililonisumbua kidogo, kwa maana nilikuwa nimeitegemea hasira hiyo.

"Umerudisha," Mwalimu akasema. "Sasa una haki ya kumpinga."

"Na mvua ikishuka?"

Mwalimu akachukua tena ungo wake. Mkewe ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Si watu wasubiri ikatike? Kwani wana haraka ya kwenda wapi? Na wewe, mzee, nilikutuma kuni tangu asubuhi."

Mkutano ni Januari, shule zikifunguliwa. Wewe uliye mzazi pale, nakuomba uje. Mkuu wa shule atasema, nami nitarudisha hoja yake kwa haki yote niliyofundishwa. Kisha, mvua ikianza kupiga bati, tafadhali usinyooshe mkono. Sogeza kiti chako mahali pasipovuja, ukae, mpaka ikatike nami nimalize.